Usiandike presha usiyoipima

Wiki iliyopita nilipita thieta nikachungulia chati ya kijana wetu mmoja. Operesheni ina dakika kumi, chati ina presha za nusu saa. Zote 110/70, zimepangika kama shanga. Nilicheka, nikakasirika, kisha nikajikumbuka. Basi kaeni, wanangu wa ganzi na usingizi.

1. Mgonjwa akisema "sijala" ana maana hajala wali. Chai na mkate wa kumimina kwake si chakula. Muulize tangu alfajiri kimepita nini mdomoni. Na Ramadhani msijidanganye kwamba wote wamefunga: daku saa kumi alfajiri, kisu saa tatu asubuhi, hizo saa tano. Sita tunazotaka tumbo likae tupu kabla ya usingizi hazijatimia.

2. Bomba la sindano lenye dawa lisilo na lebo, mwaga. Hata ulilolivuta mwenyewe sasa hivi.

3. Presha. Hapa nitakawia.

Mwaka wangu wa pili kazini, spitali moja hapa Pemba, usiku, mama wa mimba ya kwanza, uchungu umekwama, apasuliwe. Nikamchoma spaino, ganzi ya mgongoni, kwa dawa ya bupivakeini nzito mililita 2. Maji ya mgongo yalitoka safi, nikajiona fundi. Nikamlaza chali. Chali kabisa! Nikavuta stuli nikaanza kujaza chati mapema, ili makaratasi yasinicheleweshe. 110/70. 110/70. Mama akanambia kwa adabu, "Daktari, roho yanichafuka." Nikamjibu, "Kawaida hiyo, bibie," nikampa plasili, dawa ya kichefuchefu. Ndiyo, plasili. Akapiga miayo miwili. Akasema taa zinafifia. Nami nikainua uso kutazama taa, maana umeme wetu siku hizo mwaujua.

Nesi mmoja mkongwe hakusema neno. Alikunja shuka, akaisukuma chini ya nyonga ya kulia ya mama, akabonyeza mashine. 58/30. Dripu ikafunguliwa yote, efedrini ya kupandisha presha miligramu 10, kisha 10 nyingine. Mkono ulinitetemeka hata ampuli ikanikata kidole. Mama akarudi rangi, na mtoto alipotoka akalia. Mimi nilikaribia kulia pamoja naye.

Darasani mlisoma: ganzi ile haizimi maumivu tu, inazima na neva zinazokaza mishipa ya damu. Mishipa ikilegea damu inatuama miguuni, na mimba ikiulalia mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, moyo unabaki kusukuma kidogo. Ubongo ukipungukiwa, kichefuchefu hutangulia mashine. Nililijua hilo, nililijibia mtihani, na bado nikatoa plasili.

Asubuhi nilikwenda wodini. Mama ananyonyesha, akanitazama, akauliza, "Ulikuwa ukiandika nini vile, daktari?" Nikamwambia, "Makaratasi tu." Nilirudi kwenye chati, nikazipiga mstari namba zote za uongo, nikatia saini pembeni. Mkubwa wangu aliiona na akaniita. Yaliyosemwa huko ni yangu na yeye.

4. Ketamini, dawa ya usingizi, inatuokoa sana huku, kwa kuwa mgonjwa huendelea kupumua na presha haianguki ovyo. Lakini mate mengi, basi atropini ya kuyakausha iwe karibu, na akiamka akisema anaona watu ukutani msishangae: chumba kimya, diazepamu kidogo ya kumtuliza. Kuna mama mkwe aliyekwisha leta kombe, maji ya aya, mlangoni tumnyweshe mkwewe. Nilimzuia, si kwa kulidharau, ila koo la mgonjwa lilikuwa bado halijaamka. Alininunia mpaka siku ya kutoka.

5. Ambu, mfuko wa kumpumulisha mgonjwa kwa mkono, iwe kichwani pake kabla ya kisu, na silinda ya oksijeni ijaribiwe. Mashine ya kuzalisha oksijeni hufa na umeme. Waulizeni wenzetu wa Unguja waliokaa gizani tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010.

Na wewe kijana wa chati, unajijua. Karatasi yako ninayo mezani. Njoo uichukue, na uje na kalamu.