Mtoto akishikwa na homa, hesabu saa

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba mahali ambapo malaria haikatiki, na wanangu nimewalea humo humo. Mzazi kijana akiniuliza aanzie wapi, simwanzishii kwenye chandarua wala chanjo, ingawa vyote nitavifikia. Namwambia ajifunze kuhesabu saa. Mtoto wa chini ya miaka 5 akipata homa katika eneo lenye malaria nyingi, apimwe damu siku hiyo hiyo, isipite saa 24. Vimelea vya falciparum, aina ya malaria iliyo hatari zaidi, vinaweza kumfikisha mtoto aliyekuwa anacheza jana kwenye hali mahututi kesho.

Kuna baba huniambia, "Mbona hata mimi nina malaria na natembea?" Anatembea kwa sababu mwili wake umeumwa mara nyingi ukajijengea kinga kiasi. Mtoto hana hiyo. Miezi ya mwanzo hukingwa na kile alichopewa na mama yake tumboni. Kinga hiyo ikishapungua, kuanzia miezi 6 hivi, anabaki wazi kwa miaka kadhaa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 malaria iliua watu 597,000 duniani, karibu wote Afrika, na barani humo takribani watatu kati ya kila wanne waliokufa walikuwa watoto wa chini ya miaka 5.

Kinachokula saa za mtoto, kwa niliyoyaona, mara nyingi ni dawa ya kushusha homa. Parasetamoli mpe, inampunguzia mateso, lakini haigusi vimelea hata kimoja. Na homa ya malaria yenyewe hupanda na kushuka. Usiku mtoto anachemka, asubuhi anaomba uji na kukimbia uani, mama anasema tungoje kidogo. Jioni homa imerudi, na siku nzima imepotea. Joto likishuka bila kipimo, msafara wa kwenda kupima uko pale pale.

Kipimo cha haraka kinataka tone moja la damu na dakika 15 hadi 20. Kikionyesha hakuna malaria, usiondoke na dawa ya malaria "kwa tahadhari". Omba mtoto atafutiwe ugonjwa mwingine, maana nimonia nayo huanza na homa na nayo haingoji. Jambo jingine ambalo wazazi wengi hawaambiwi: aina nyingi za kipimo hiki huweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya mtoto kupona. Homa ikirudi muda mfupi baada ya dozi, mweleze mhudumu, apimwe kwa darubini.

Kikionyesha malaria, mtoto atapewa dawa mseto. Ile inayotumika sana, artemether na lumefantrine, ni dozi 6 kwa siku 3. Ya pili hufuata saa 8 baada ya ya kwanza, hata kama ni usiku wa manane. Zinazobaki ni asubuhi na jioni. Ninawaandikia wazazi saa hizo juu ya pakiti. Apewe pamoja na maziwa ya mama, maziwa mengine au chakula chenye mafuta kidogo, la sivyo dawa haiingii vizuri mwilini. Akitapika ndani ya saa moja, arudie dozi hiyo, kisha uende kuongezewa ile iliyopungua. Siku ya pili mtoto huchangamka, na hapo ndipo vidonge huwekwa akiba kwa ajili ya mdogo wake. Nawasihi, mmalizie mgonjwa dozi yake. Mdogo wake akiugua atapimwa na kupewa ya kwake.

Zipo dalili ambazo hazina mjadala: degedege, kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, kulegea au kutoamka vizuri, kupumua kwa shida, viganja kuwa vyeupe, mkojo kuwa mweusi. Mtoto wa namna hii haendi popote isipokuwa hospitali. Degedege nalitaja kwa msisitizo, kwa sababu bado wapo wanaolipeleka kwingine kwanza. Hospitali ikiwa mbali, uliza kama mhudumu wa karibu ana artesunate, dawa ya malaria kali, ya kuwekwa kwenye njia ya haja kubwa. Hiyo inamshikilia mtoto njiani, haimalizi tiba. Hospitalini atachomwa artesunate, ambayo utafiti kwa watoto wa Afrika uliotolewa mwaka 2010 ulionyesha inapunguza vifo kwa zaidi ya moja ya tano ukilinganisha na kwinini.

Mbu wa malaria naye ana saa zake, hasa kuanzia giza linapoingia hadi alfajiri. Katika nyumba nyingi mtoto husinzia mapema juu ya mkeka au mapajani, akahamishiwa chandaruani wazazi wanapokwenda kulala. Saa hizo za katikati ameliwa na mbu. Akisinzia tu, aingie chandaruani, na kingo zichomekwe chini ya godoro. Kikichafuka kifuliwe kwa sabuni ya kawaida na kuanikwa kivulini, jua kali huharibu dawa ya kuua mbu iliyomo.

Chanjo zipo mbili, RTS,S iliyopendekezwa mwaka 2021 na R21 mwaka 2023. Huanza mtoto akiwa na miezi 5 hivi, dozi 4. Ya nne huja baada ya muda mrefu, mtoto amekua na kadi ya kliniki imeshasahaulika kabatini. Andika tarehe yake mahali unapopaona kila siku. Chanjo hupunguza malaria, haiifungii mlango, kwa hiyo chandarua kinabaki.

Mtoto akipona, mwangalie viganja na ndani ya kope za chini kwa wiki zinazofuata. Malaria huvunja chembe za damu, na aliyelazwa kwa upungufu mkali wa damu hubaki hatarini miezi kadhaa baada ya kuruhusiwa. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto hao wapewe dawa ya kinga baada ya kutoka wodini. Kabla hujabeba mtoto kurudi naye nyumbani, muulize daktari kama wa kwako anastahili.