Don't Look Up: mbona maoni yamegawanyika hivi?

Ndugu, umeuliza kwa nini Don't Look Up (2021), filamu ya kejeli kuhusu wanasayansi wanaoonya kwamba nyotamkia inakuja kuigonga Dunia, wengine wanaisifia na wengine wanaiponda, na kama inafaa kutazamwa. Itazame tu. Wanaoiponda wanasema kejeli yake imepitiliza: rais anayeigizwa na Meryl Streep ni kituko mtupu, na ujumbe unarudiwa mpaka unachosha. Hapo wana hoja, hasa nusu ya pili (imerefushwa bure). Lakini ile nyotamkia inasimamia mabadiliko ya tabianchi, na baadhi ya wanasayansi waliipenda kwa sababu wanaijua adha ya kupeleka onyo zito studio halafu watangazaji wanafanya utani. Leonardo DiCaprio na Jennifer Lawrence, wanaoigiza wanasayansi wa filamu hiyo, wakihojiwa kwenye televisheni, ndipo iliponigusa hasa. Iliteuliwa vipengele 4 vya Oscar, ikaambulia patupu.