Kwa nini malipo yangu ya kustaafu jeshini yamekuwa sifuri?

Swali: Nilizaliwa Mombasa, nikahamia Marekani na kujiunga na jeshi la nchi kavu. Baada ya miaka 9 nimestaafishwa kwa sababu za kiafya. Bodi ya jeshi ilinipa ulemavu wa asilimia 40 kwa ajili ya mgongo, lakini Idara ya Maveterani (VA) ikanipa asilimia 70. Nilitarajia malipo mawili, ila napokea ya VA peke yake. Je, pana kosa?

Jibu: Katika hesabu hiyo hakuna kosa, ndugu msomaji, ingawa huenda zipo fedha unazostahili ambazo hazitakufikia mpaka uziombe mwenyewe.

Asilimia zako zinatofautiana kwa kuwa jeshi hupima yale tu yaliyokufanya usifae tena kwa uaskari, ilhali VA hupima kila jeraha na maradhi yaliyotokana na utumishi, yakiwemo masikio na magoti ambayo bodi haikuyahesabu. Kwa askari asiyefikisha miaka 20, kiwango cha jeshi cha asilimia 30 ndicho kinachotenganisha pensheni na kiinua mgongo cha mara moja, nawe umekivuka.

Tuchukulie kwamba wastani wa mishahara yako ya msingi, kwa ile miezi 36 iliyokuwa mikubwa zaidi, ni dola 4,000. Kwa njia ya ulemavu, asilimia 40 yake ni dola 1,600 kwa mwezi; kwa njia ya miaka ya utumishi, asilimia 2.5 kwa kila mwaka inakupa asilimia 22.5, yaani dola 900. Unastahili ile iliyo kubwa. Hata hivyo, sheria inataka kila dola ya VA unayopokea iondoe dola moja ya pensheni, kwa hiyo VA ikikulipa takriban dola 1,800, zile 1,600 zinamezwa zote. Afueni iliyopo ni kwamba fedha za VA hazitozwi kodi ya mapato.

Huenda wenzako wamekwambia kuwa mwenye asilimia 50 za VA hulipwa kote kuwili. Huo ni mpango wa CRDP, na unamtaka aliyestaafishwa kwa ulemavu awe ametimiza miaka 20 ya utumishi, kwa hiyo wewe haukuhusu. Unaoweza kukufaa ni ule wa CRSC, yaani malipo maalumu kwa ulemavu unaohusiana na mapigano, ambao tangu Januari 2008 umewafungulia mlango waliostaafishwa kwa ulemavu kabla ya miaka 20, mradi ulemavu unaohusiana na mapigano uwe umepimwa na VA kuwa angalau asilimia 10. Hapa ndipo wengi wanapojinyima haki, kwa kudhani kwamba asiyepigwa risasi vitani hana la kudai. Sheria inahesabu pia kazi za hatari kama kuruka kwa parachuti, mazoezi yanayoiga vita, na madhara yaliyosababishwa na zana za kivita. Kama mgongo wako uliumia ulipotua vibaya kwa parachuti, una hoja; kama uliumia katika mbio za kawaida za asubuhi, sioni njia.

Ombi la CRSC hupelekwa kwa tawi lako la jeshi, si kwa VA, kwa fomu ya DD 2860, pamoja na uamuzi wa VA na kumbukumbu za hospitali za wakati ule zinazoeleza jinsi ulivyoumia, kwani bila maelezo hayo ombi hukataliwa. Usitarajie kurudishiwa dola 1,600 nzima: kwa mfano wetu, CRSC haiwezi kuzidi dola 900 za miaka yako ya utumishi, wala kile ambacho VA ingelipa kwa ulemavu wa kivita pekee. Nayo haitozwi kodi. Ikiwa umechelewa kuomba, ujue kwamba Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Soto, iliamua kuwa kikomo cha miaka sita cha kudai malimbikizo ya malipo ya nyuma hakihusu CRSC.

Pensheni kuwa sifuri hakukuondolei hadhi ya mstaafu, kwa hiyo kitambulisho na bima ya afya ya TRICARE vinabaki. Lakini kama ulichagua mpango wa SBP wa kumlinda mwenzi wako endapo utafariki, kagua taarifa zako mara moja, kwa sababu pensheni isipokuwa na kitu cha kukatwa, ada yake unadaiwa wewe moja kwa moja.