Jibu: Nianze na QGIS au Python?

Dada, umeuliza uanze na QGIS, programu ya kutengeneza ramani, au uingie moja kwa moja kwenye Python, lugha ya kuandikia programu, na kazi yako ni kupima mashamba ya kahawa huko Masaka. Anza na QGIS. Ni ya bure, na itakuzoesha kuiona ramani kama matabaka yaliyolaliana. Wiki mbili zinatosha. Kisha ingia kwenye Python ujifunze GeoPandas, maktaba yake ya kushughulikia data za ramani. R, lugha nyingine ya programu, nayo ni nzuri, lakini hata QGIS yenyewe unaweza kuiendesha kwa Python, kwa hiyo lugha moja itakufanyia kazi mbili.

Sasa hili lishike sana, maana mimi lilinila siku tatu. Shamba la hekta mbili lilinitokea lina eneo la 0.0000016! Programu haikukosea. Pointi za GPS huja kwa digrii za latitudo na longitudo, mfumo wa ramani wenye namba 4326, nami nilikuwa nikipima digrii za mraba. Zigeuze kwanza ziwe mita kwa to_crs, amri ya GeoPandas ya kubadili mfumo wa ramani, ndipo upime. Mfumo wa mita, UTM, umeigawa dunia kwa kanda, kila moja na namba yake, tena sisi Uganda ikweta inatukata: Kampala iko kanda ya 36 Kaskazini, namba 32636, lakini Masaka yako iko 36 Kusini, yaani 32736. Ukienda hadi Kisoro, umeshaingia kanda ya 35.

Data ya mazoezi usinunue. Barabara na mito ya Uganda nzima ya OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, inapakuliwa bure kwenye tovuti ya Geofabrik.

Ukikwama, bandika hapa msimbo wako wote pamoja na namba ya kanda uliyotumia.