Hatua ya pili ndiyo kazi: maswali yenu kuhusu miguu ya wazuiaji

Msimu wa futiboli ya Kimarekani unapokaribia, wazazi na vijana wetu wanaoishi Marekani huniandikia sana. Safari hii karibu maswali yote yanahusu miguu ya wale watano wa mbele, wanaowazuia wapinzani wasimfikie mwenye mpira: senta wa katikati, magadi wawili wa kando yake na matekoli wawili wa nje. Hawashiki mpira na majina yao hayatangazwi, lakini wao wakishindwa hakuna mchezo.

Jambo kocha. Mtoto wangu ana miaka 15, tuko Lexington, Kentucky. Kule Bukavu alicheza soka tu. Hapa wamemuweka mbele kwa sababu ya mwili wake, na kila siku anaambiwa hatua yake ya kwanza ni ndefu mno. Urefu wa hatua una ubaya gani? – Baba wa mchezaji

Jambo sana, baba. Nafasi inayotenganisha timu mbili kabla mpira haujatolewa ni urefu wa mpira wenyewe, kama sentimita 28. Adui wa mwanao yuko karibu kiasi hicho. Akinyanyua mguu kwa hatua ndefu, anagongwa ukiwa bado hewani, na mtu aliyesimama kwa mguu mmoja huangushwa hata na mwepesi wake. Ndiyo maana makocha wengi hufundisha hatua ya kwanza ya inchi 6, yaani kama sentimita 15. Hatua hiyo haimsukumi mtu. Inaelekeza nyonga tu, kisha inaupisha mguu wa pili.

Mguu wa pili ndio ninaouangalia mimi. Ukiwa umeshakanyaga chini wakati miili inakutana, nguvu inatoka ardhini, inapita kwenye nyonga na kufika mikononi. Ukichelewa, kijana anategemea mabega na kifua, na hapo ndipo unamwona ameinama mbele kama anayetafuta kitu chini.

Soka limemzoesha kunyoosha mguu kuufuata mpira, na hilo litachukua muda kumtoka. Lakini soka hilohilo limempa wepesi wa kwenda kando, ambao vijana wengi wenye miili mikubwa hawana. Nyumbani mchoree mstari wa chaki. Apige hatua ya kwanza, asimame. Mtazame: goti limekunjwa? Uzito uko upande wa ndani wa unyayo? Kifua kinaelekea mbele? Ndipo apige ya pili, asimame tena. Polepole kabisa, bila mpinzani, kulia na kushoto. Kasi itakuja yenyewe miguu ikishazoea njia.

Shikamoo kocha. Mimi ni gadi, Houston. Wapinzani wanajua kabla mpira haujatolewa kama tutakimbia nao au tutaurusha. Wanajuaje? – Mchezaji

Marahaba. Huenda mkono unaouweka chini kabla ya kuanza ndio unaowaambia. Ukiuegemeza sana chini, vidole vinabadilika rangi na makalio yanapanda: unakwenda mbele. Ukirudisha uzito kwenye visigino, unajiandaa kumlinda kwotabeki, yule mrushaji wa mpira. Mwambie mwenzako aupige kando mkono wako ukiwa umekaa tayari. Ukianguka, umeuegemea mno. Tafuta mkao mmoja unaokuwezesha kwenda mbele, kando na nyuma, kisha usiubadilishe mpaka mechi iishe.

Kocha, mimi ni tekoli wa kulia. Wapinzani wa pembeni wenye mbio wananizunguka na kumfikia kwotabeki wetu. Nimeambiwa nirudi haraka zaidi, lakini nikirudi haraka wananikata kwa ndani. – Mchezaji, Minneapolis

Swali hili nalipenda, kwa sababu limejibu nusu yake. Tatizo si kasi peke yake, ni nyonga. Ukiogopa mtu wa nje unageuka mapema, mabega yanaelekea mstari wa pembeni wa uwanja, na mlango wa ndani unabaki wazi. Njia ya ndani ndiyo fupi kumfikia kwotabeki, kwa hiyo hiyo ndiyo ya kulinda kwanza.

Kwako wewe wa kulia, mguu wa kulia unarudi nyuma, wa kushoto unaufuata karibu na nyasi, umbali uleule. Miguu isigusane wala isipishane. Ikikutana, hata kwa nukta moja, huwezi kwenda popote, na mchezaji mzuri anaingoja nukta hiyohiyo. Usisimame uso kwa uso naye. Pua yako iwe mbele ya bega lake la ndani, ili njia pekee unayompa iwe ile ndefu. Aking'ang'ania nje, mwache azunguke, umsindikize mpaka apite nyuma ya kwotabeki. Kazi imekwisha, hata kama hakuanguka.

Akikuvaa moja kwa moja kwa nguvu, usirudi kwa hatua ndefu. Shusha makalio, ruka nyuma kidogo kwa miguu yote miwili, kanyaga upya.

Tena: kocha akikuhamishia kushoto, kila kitu kinageuka. Mguu uliokuwa unarudi sasa ndio unaofuata. Wasioijua kazi hii hudhani ni kubadili nafasi tu. Omba muda wa kujifunza upya.

Mimi ni kocha msaidizi, Dallas. Tunaanza kila mazoezi kwa dakika 20 za kusukuma sledi, lile fremu zito la chuma lenye mito. Inatosha kwa miguu?

Haitoshi, na kuianza nayo naona ni kosa. Sledi haikwepi wala haiendi kando, na kijana anaweza kuiegemea kwa uzito wote bila kuadhibiwa. Akimwegemea mtu hivyo, mtu anasogea na yeye anaanguka kifudifudi. Tena inawachosha, na miguu iliyochoka hujifunza ubovu haraka.

Anza na hatua tupu. Kisha weka ubao chini katikati ya miguu, waende mbele bila kuukanyaga, ili miguu ibaki imepanuka. Halafu wapitishe chini ya fremu ya dari fupi wasiinuke mapema, kisha wazuie begi la mazoezi, kisha mtu. Sledi iwe ya mwisho, kwa hatua fupi fupi, kama watu wanaosukuma gari lililokwama matopeni. Na rekodi kwa simu kutoka nyuma, chini usawa wa magoti. Kutoka pembeni makosa mengi hayaonekani.

Kijana wangu ana miaka 17, katoka Nairobi akicheza raga. Amechelewa? – Mjomba, Seattle

Hapana. Jordan Mailata alikulia Sydney akicheza raga ya ligi na hakuwa amecheza futiboli ya Kimarekani. Timu ya Philadelphia Eagles ilimchagua mwaka 2018 timu za ligi ya kulipwa zilipogawana wachezaji wapya, akiwa wa 233 kuchaguliwa. Kocha Jeff Stoutland alimfundisha miguu toka mwanzo, na hakuingia kwenye mechi ya msimu mpaka 2020. Februari 2025 alikuwa tekoli wa kushoto wa mabingwa wa Super Bowl, fainali ya ligi hiyo. Ile miaka miwili ya kungoja ndiyo ya kumsimulia kijana.

Kocha, mie naogopa kichwa cha mwanangu. Hayo ya miguu yananihusu nini? – Mama, Columbus, Ohio

Yanakuhusu kuliko wote, mama. Miguu isipofika kwa wakati, kijana anaurusha mwili mbele, na kinachotangulia ni kichwa. Mwenye miguu mizuri hukutana na mtu kwa mikono, macho yakiwa juu. Nenda mazoezini usimame pembeni. Ukiona vijana wanagongana kwa helmeti na kocha anashangilia, zungumza naye siku hiyohiyo. Na mwanao akigongwa akasema kichwa kinauma, anaona ukungu au amesahau mchezo uliopita, atolewe na asirudi siku hiyo. Majimbo yote 50 yana sheria kuhusu hili, na kwa kawaida zinasema harudi uwanjani bila ruhusa ya mtaalamu wa afya. Ukiambiwa "ni mshtuko mdogo tu", usikubali.