Misa mlimani, mkesha na mfungo: vijana wanaopanda Uluguru wafuate utaratibu gani?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mimi ni mwenyekiti wa vijana katika parokia moja ya Morogoro mjini. Tumepanga kupanda milima ya Uluguru kwa ajili ya sala mara nne kwa mwaka, kila majira mara moja. Tuko kama 30, na kati yetu wamo marafiki wachache Walutheri. Baadhi yetu wanataka Misa ya Jumapili iwe kileleni. Wengine wanataka wakati wa Kwaresima tupande usiku, tukiwa tumefunga bila hata maji, kwa kuwa wanasema sala ya mlimani hujibiwa upesi. Naomba mwongozo wako.

JIBU: Milele amina, mwenyekiti. Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linaloamua mengine yote.

Katika 1 Wafalme 20 Washami walishindwa vita, wakajipa moyo kwamba Mungu wa Israeli ni wa milimani tu, hivyo wakipigana tambarare watashinda. Walipigana tambarare na wakashindwa tena. Yesu naye alimwambia mwanamke Msamaria kwamba saa inakuja ambapo Baba hataabudiwa katika mlima ule wala Yerusalemu (Yohane 4:21). Ni kweli Bwana alipanda mlimani akakesha katika sala (Luka 6:12), lakini alisali pia nyikani, bustanini na mezani. Mlima unakupa ukimya, uchovu wa mwili na umbali na simu. Hivyo ni vitu vizuri sana kwa mtu anayesali, ila havimsogezi Mungu karibu. Uluguru yenyewe ina historia ndefu ya watu kwenda kwenye pango la Kolelo kuomba mvua na mavuno. Kijana anayeamini kwamba kilele fulani kina nguvu ya kujibu maombi amechukua fikra ileile na kuibadilishia jina. Waambie hivyo mapema, kabla ya kufunga mikoba.

Sasa Misa. Kanuni ya 932 ya Sheria za Kanisa inasema Ekaristi iadhimishwe mahali patakatifu, isipokuwa hali fulani ikilazimu vinginevyo, na hata hapo pawe mahali pa heshima. Kundi lililotoka mjini asubuhi, penye Misa za kutosha, ni vigumu kusema limelazimika. Paroko anaweza kuona sababu ya kichungaji, kwa mfano hija ya mwaka ya vijana wote, na uamuzi huo ni wake kwa kufuata taratibu za jimbo. Mkileta padre mgeni, awe na hati ya utambulisho kutoka kwa mkuu wake, na paroko ajue.

Ushauri wangu ni kwamba Misa iwe parokiani saa 12 asubuhi, kisha mpande. Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, mpanda milima wa Turin aliyefariki mwaka 1925 na kutangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alijulikana kwa kuitanguliza Misa kabla ya kwenda mlimani. Utaratibu huo unawaondolea nusu ya matatizo yenu: hakuna vyombo vya kubeba, hakuna anayechungulia mawingu wakati wa Sala ya Ekaristi, na mlima unabaki kwa Zaburi, Injili na ukimya.

Kuhusu Jumapili, matembezi si sababu ya kukosa Misa. Ibada ya Neno kileleni haitimizi wajibu wa Jumapili wakati Misa inapatikana. Pandeni Jumamosi au sikukuu ya kitaifa, na Jumapili muwe viti vya mbele.

Paroko akiruhusu Misa mlimani, basi ifanyike vizuri. Mwongozo wa Misale ya Kirumi (namba 297) unadai, hata nje ya kanisa, meza inayofaa, kitambaa cha altare, korporale (kitambaa kidogo kinachotandikwa chini ya kalisi na hostia), msalaba na mishumaa. Bebeni meza ndogo ya kukunja. Jiwe linavutia kwenye picha, ila juu yake hapalingani na kalisi, yaani kikombe cha divai, huyumba. Upepo ndio adui mkubwa: korporale ibanwe kwa vibanio vinne, kalisi ifunikwe palla (kifuniko chake kigumu cha kitambaa) muda wote isipokuwa padre anapoihitaji, hostia za watu ziwe katika siborio yenye kifuniko na si kwenye patena (sahani) wazi, kurasa za Misale zishikwe kwa mpira. Mishumaa iwe ndani ya taa za kioo. Moto wazi msituni ni hatari, na upepo utauzima hata hivyo. Vyombo vya Ekaristi viwe vya metali, visiwe vya kioo wala udongo. Hostia zikae kwenye mkebe unaobana hadi dakika ya mwisho, kwa sababu hunyonya unyevu wa ukungu, zikalegea na kunatana. Divai mililita 50 kwenye chupa ya kifuniko cha kuzungusha inatosha. Wahesabuni watakaokomunika kabla ya matoleo ili ziwekwe hostia za idadi hiyo tu. Zikibaki chache zitumiwe palepale. Kumbeba Bwana kwenye mkoba huku miguu inateleza si jambo la kujitakia.

Padre avae mavazi kamili ya Misa: alba, stola na kasula. Stola juu ya fulana ya michezo hairuhusiwi, hata kama amechoka.

Mfungo wa Komunyo ni saa moja kabla ya kukomunika, na unahesabiwa hadi Komunyo yenyewe. Misa ikianza saa 5 kamili na Komunyo ikawa saa 5:35, tonge la mwisho liwe saa 4:35. Karanga, ndizi na glukosi ni chakula. Maji na dawa havivunji mfungo huo.

Jambo moja ambalo makundi mengi husahau: watu hufika juu wamelowa jasho, wanasimama dakika 40 kwenye upepo, na kabla ya Baba Yetu nusu yao wanatetemeka. Joto hupungua karibu nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Morogoro mjini iko kwenye mita kama 500 na kilele cha Lupanga kwenye 2,138, kwa hiyo kule juu ni baridi zaidi kwa nyuzi 10 hivi. Kila mtu abebe fulana kavu na sweta ndani ya mfuko wa plastiki, na abadilishe kabla ya sala kuanza, si akishahisi baridi. Mahubiri yasizidi dakika tano.

Msipokuwa na Misa, muwe na Ibada ya Neno. Katekista au kijana aliyeandaliwa anaweza kuiongoza: wimbo, Zaburi, Injili, tafakari fupi, ukimya wa dakika kumi ambao ni ukimya kweli, maombi, Baba Yetu. Mwongozaji mlei hasemi “Bwana awe nanyi”, na mwishoni anaomba Bwana “atubariki”, si “awabariki”, huku akijifanyia ishara ya msalaba mwenyewe.

Hapa ndipo marafiki zenu Walutheri wanapopata nafasi kamili. Katika Ibada ya Neno wanaweza kusoma somo, kuimbisha na kuomba pamoja nanyi. Katika Misa masomo husomwa na Wakatoliki, na Komunyo kwa kawaida hawapokei. Waelezwe kabla ya safari, kwa upole, na wewe mwenyewe. Kumwacha mtu agundue kwenye mstari wa Komunyo ni kumwaibisha.

Njiani tumieni Zaburi 120 hadi 134, ambazo Biblia ya Kiswahili inaziita nyimbo za kupanda mlima. Ziko 15, nyingi ni fupi, na zilifaa mahujaji waliokuwa wakielekea Yerusalemu kwa miguu. Msizibane zote katika siku moja. Ya 121 iwe mwanzoni, kabla ya hatua ya kwanza. Ya 130, ile ya kulia kutoka vilindini, ni ya Kwaresima. Ya 126, ya wapandao mbegu kwa machozi, inafaa masika watu wakiwa mashambani. Ya 133, yenye umande wa Hermoni, iwe pale juu. Zisomeni mkiwa mmesimama mahali papana. Mnapopanda kwa mstari mmoja sauti ya mbele haifiki nyuma, na anayeimba kwenye mwinuko mkali huishiwa pumzi, kundi likakatika vipande. Imbeni penye tambarare.

Rozari yenye makumi matano huchukua kama dakika 20, na sehemu ya chini ya njia inaitosha vizuri. Isisaliwe kwa shanga mkononi wakati wa kushuka. Wengi huanguka wakishuka, magoti yameshachoka na mizizi imelowa, na mkono uliokamata shanga hauwahi kukamata mti. Vaeni rozari ya pete.

Sasa majira, na hapa kalenda ya Kanisa na kalenda ya mvua hazipatani kila mara.

Kipupwe, Juni hadi Agosti, ndicho kipindi chenu bora: njia ni kavu zaidi na sikukuu ya Bwana Kugeuka Sura iko tarehe 6 Agosti. Nane Nane ni siku mbili baadaye na watu hawaendi kazini. Mkipata Misa asubuhi ya tarehe 8 itakuwa kumbukumbu ya Mtakatifu Dominiko, na Injili ya Kugeuka Sura mtaitafakari mlimani. Petro pale alitaka kujenga vibanda abaki, akaambiwa amsikilize Mwana, kisha wakashuka. Kifungu hicho kinamtosha mhubiri yeyote.

Vuli, Oktoba hadi Desemba, huangukia mwisho wa mwaka wa Kanisa na Majilio. Mvua na radi mara nyingi hujijenga mchana. Wekeni saa ya kugeuka, saa 7 mchana, na isijadiliwe. Popote mtakapokuwa saa hiyo ndipo ibada ifanyike, hata kama kilele kinaonekana. Ngurumo ikisikika, ondokeni kwenye mgongo wa mlima na msalaba wa chuma ulazwe chini. Huo si upungufu wa imani.

Kiangazi cha Januari na Februari mara nyingi hufika hadi mwanzo wa Kwaresima. Jumapili ya pili ya Kwaresima Injili ya Kugeuka Sura husomwa tena kila mwaka, kwa hiyo Jumamosi inayoitangulia, kama masika hayajaanza, ni siku nzuri kwa Njia ya Msalaba. Gaweni vituo 14 kulingana na pumzi na si mita: mwanzoni viachane, penye mwinuko vikaribiane, kila kituo dakika tatu. Bebeni msalaba mmoja wa mbao mwepesi, mpokezane. Msipigilie misumari kwenye miti wala kupaka rangi mawe. Huo ni msitu wa hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), na mnaingia kwa kibali na mwongoza njia.

Masika, Machi hadi Mei, sipendekezi kilele kabisa, na hapo ndipo Ijumaa Kuu na Pasaka huangukia. Udongo huteleza, vijito hujaa. Upande wa mashariki wa Uluguru hupata mvua karibu mwaka mzima, lakini masika hata upande wa mjini haufai kwa kundi kubwa. Nendeni mwendo mfupi hadi Morningside, kwenye lile jengo la zamani la enzi ya Wajerumani, mvua ikiwa imekatika. Ijumaa Kuu bakini na parokia yenu. Mkitembea baada ya Pasaka, saa sita mchana msali Malkia wa Mbingu badala ya Malaika wa Bwana, hadi Pentekoste. Kwa wasiowahi kupanda, safari ya kwanza pia iwe Morningside, majira yoyote. Lupanga ina zaidi ya mita 1,600 za kupanda kutoka mjini, na kundi lenye wageni wa mlima linaweza kuhitaji saa nne au tano kufika juu.

Mfungo bila maji: hapana. Kanisa linadai kufunga siku mbili tu kwa mwaka, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye miaka 18 hadi 59, na maji hayakatazwi hata siku hizo. Siku hizo mbili msipande. Mpandaji anahitaji takriban nusu lita ya maji kwa saa, na chumvi kidogo. Akikosa, misuli hukakamaa, kichwa huuma, hatua hupotea, kisha wenzake wanne ndio watakaombeba. Shetani alimweka Yesu juu ya kinara cha hekalu na kumwambia ajitupe kwa kuwa malaika watamdaka, naye akajibu, “Usimjaribu Bwana Mungu wako.” Anayetaka kujinyima ale mkate mkavu na aache nyama, simu na maneno mengi.

Mkesha wa usiku ufanyeni kanisani au kwenye viwanja vya parokia. Njia ya msituni gizani, yenye watu 30 na tochi kumi, haiongozi mtu kwenye sala. Kila mmoja atakuwa anatazama visigino vya mwenzake.

Na 30 ni wengi. Wagawe makundi mawili ya 15, kila watano wakiwa na kiongozi wao, na mtu mmoja mzoefu akae mkiani asipitwe na yeyote. Walio chini ya miaka 18 walete idhini ya mzazi iliyoandikwa. Andika barua kwa paroko mapema, ukitaja tarehe, njia, majina, saa ya kugeuka na kama unaomba Misa au Ibada ya Neno. Akishasaini ndipo uende ofisi ya TFS kuomba kibali.