Moyo Wapiga, Daktari Asema Amekufa

Juzi msomaji wa Likoni aliniandikia saa nane za usiku: "Dada, babangu yu kwenye mashine. Wasema ubongo umekufa, lakini mkono una joto. Nifanyeje?" Nilisoma, nikazima simu. Jibu lenyewe ndilo hili.

Kakangu alianguka na pikipiki darajani Nyali. Siku ya nne, Jumapili, madaktari wawili walituita. Mama hakuweza kuingia, niliingia mimi, na najivunia hilo ingawa lilinigharimu. Walimmulika kwa tochi, mboni hazikunywea. Wakamgusa jicho kwa ncha ya pamba, hakupepesa. Mwisho wakamtoa kwenye mashine, oksijeni ikipita kwa mrija, waone kama hewa chafu ikizidi mwilini atavuta pumzi mwenyewe. Nilihesabu hadi mia tano. Kifua kimya.

Kisha kidole gumba cha mguu kikacheza! Nilipiga yowe. Daktari akaniambia ule ni uti wa mgongo tu, ubongo haumo.

Basi ulizeni: ni koma, yaani kupoteza fahamu kabisa, au ubongo umekufa? Wa koma huenda akaamka, huyu haamki. Moyo una umeme wake wenyewe, ukipata hewa ya mashine waendelea kwa muda. Ulizeni, na muulize tena.

Zamani pumzi ikikata, yote yalikatika. Mashine za kupumulia ndizo zilizoleta mashaka haya. Mwaka 1968 kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ilipendekeza kufa kwa ubongo kuhesabiwe kifo, na 1986 Baraza la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Amman, Jordan, likakubali. Wapo masheikh wasiokubali, na mjomba wangu aliwafuata hao. "Roho haipimwi kwa tochi," alinifokea koridoni, mbele ya watu. Nikanyamaza. Mashine ikawaka siku tatu zaidi.

Jamani, kila matangani twasema sote ni wa kufa, mbona hospitalini twageuka? Zungumzeni mkiwa wazima. Leo hii, mezani, chai ikiwa moto. Mchagueni mmoja wa kusema na daktari. Zungumzeni!

Jumatano mashine ilizimwa, alasiri tukamzika Kikowani. Wifi yangu akaanza kuhesabu eda, miezi minne na siku kumi, kuanzia Jumatano hiyo. Nikamwambia mumewe alikufa Jumapili, niliona kwa macho yangu. Akaniuliza, "Sasa zile siku tatu nilikuwa nikimshika mkono nani?"

Hajanipigia simu tangu arubaini.